Kesi Iliyosomwa Kuliko Kitabu

Aghalabu mwandishi anayegombana na watawala hujaliwa angalau umbali: yeye huwa pwani nao wakawa bara, au huwa chuoni nao wakawa ikuluni, na maneno yake huwafikia yakiwa yamekwisha kupoa njiani. Koigi wa Wamwere hakujaliwa umbali huo. Alizaliwa mwaka 1949 katika kijiji cha Rugongo, Bahati, kaskazini-mashariki ya mji wa Nakuru, ubavuni mwa Menengai. Na Nakuru ndio mji ambao Mzee Jomo Kenyatta alipenda kukaa katika Ikulu yake siku nyingi, akitazama ngoma na kupokea wajumbe, hata watu wakauona kuwa ni mji mkuu wa pili wa Kenya. Ndio mji pia ambao, nje yake kidogo, Kabarak, Daniel arap Moi aliyemrithi alijenga nyumba, akaweka shule, na mwaka 2020 akazikwa. Marais hao wawili waliitawala nchi tangu uhuru hadi mwisho wa mwaka 2002. Kwa hiyo kijana wa Bahati aliyetaka kuandika juu ya dhuluma hakuwa akiandika juu ya mambo ya mbali, wala hao aliowaandika hawakuhitaji kutumiwa nakala: alikuwa akiwaandika majirani.

Na dhuluma yenyewe, katika sehemu hizi, tangu hapo ilikuwa ni ya ardhi kabla haijawa ya kitu kingine chochote. Bonde la Ufa la kati, kutoka Naivasha na Gilgil hadi Njoro na Molo, lilikuwa katika enzi ya Waingereza sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi. Wamaasai walikuwa wamekwisha kuondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904, na mahali pao wakaja Wakikuyu, Wakalenjin na wengineo kufanya kazi katika mashamba ya watu kama Lord Delamere, wakiruhusiwa kulima kijisehemu na kufuga mbuzi wachache madhali siku zao za kazi ni mali ya bwana shamba. Hao ndio walioitwa maskwota. Watoto wao walizaliwa katika nchi ambayo walijua jina la kila kijito chake bila kumiliki hata shubiri moja, na wazee wao walipodai haki, Olenguruone katika miaka ya 1940 na kwingineko baadaye, walifukuzwa. Na Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wakapakiwa maelfu kwa maelfu katika malori na magari moshi wakapelekwa nchi ya Wakikuyu, ambako wengi wao hawakuwa na kwao wala pa kuegesha kichwa.

Uhuru ulipofika walowezi wakauza, lakini waliuza kwa fedha taslimu, na skwota ni mtu ambaye kazi ya miaka 30 haijamwachia fedha. Ndipo zikazuka kampuni za kununua mashamba. Mama aliuza kuku, baba aliuza ng'ombe wa pekee, mwana akaleta mshahara wake wa mjini, wakanunua hisa, wakapewa risiti. Na risiti ile ikakunjwa ikawekwa sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo. Wapo waliopata ardhi yao, na wajukuu wao wanailima hata leo. Wapo waliobaki na risiti. Kampuni iliyokuwa na sauti kubwa zaidi Nakuru ilikuwa Ngwataniro, na kiongozi wake, Kihika Kimani, alikuwa tangu mwaka 1974 mbunge wa Nakuru Kaskazini, na miaka miwili baadaye mmoja wa wasemaji wakuu wa ile harakati iliyoanzia papa hapa Nakuru ya kutaka Katiba ibadilishwe, ili Makamu wa Rais asiwe mrithi wa moja kwa moja rais akifa. Mtu huyo ndiye ambaye Koigi, kijana wa miaka 24 aliyekuwa amerejea mwaka uliotangulia kutoka chuo kikuu cha Cornell, Marekani, mwandishi wa magazeti asiye na mali wala ukoo wenye nguvu, alithubutu kushindana naye katika uchaguzi wa 1974. Alishindwa. Kabla ya mwaka wa pili kwisha alikuwa kizuizini, bila ya mashitaka.

Bahati ilikuwa imekwisha kutoa mwandishi mwingine kabla yake. Josiah Mwangi Kariuki, ambaye Kenya nzima ilimwita JM, alizaliwa Kabati-ini mwaka 1929. Alizuiliwa na Waingereza tangu 1953 hadi 1960, akapitishwa katika makambi mengi, kisha akaandika habari za kizuizi hicho katika kitabu kilichotoka mwaka wa uhuru, 1963, nacho kikasifiwa na wale wale ambao baadaye hawakupenda kusikia akisema kwamba maskini hawajapata walichokipigania. Machi 1975 aliuawa, na maiti yake ikaokotwa katika vilima vya Ngong. Ukiyaweka maisha ya wawili hawa pamoja utaona jambo linalofadhaisha: wa kwanza alizuiliwa na wageni, akaruhusiwa kuwa mwandishi, akauawa alipokuwa mbunge, wa pili alizuiliwa na wenyewe katika mwaka ule ule wa kifo cha mwenzake, kana kwamba Bahati haikuruhusiwa kuwa na zaidi ya sauti moja kwa wakati mmoja.

Kamiti, jela kuu ya nje ya Nairobi, ilikuwa katika miaka hiyo chuo cha ajabu. Humo Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeletwa mwishoni mwa 1977, aliandika riwaya yake ya Kikuyu juu ya karatasi ya chooni, karatasi ngumu kama ngozi iliyokusudiwa kumuadhibu mtumiaji, lakini ambayo kwa ugumu wake huo huo ilikubali wino bila ya kutawanya. Kabla yake, Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa waraka wa kuiuliza Kenya inakwenda wapi, alikuwa ameandika juu ya karatasi kama hiyo mashairi yaliyokuja kuitwa Sauti ya Dhiki, yakachapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Na kabla ya wote hao, Gakaara wa Wanjaũ wa Nyeri, aliyekamatwa mwaka 1952 na ambaye baadhi ya vijitabu vilivyomponza vilikuwa kwa Kiswahili, alipelekwa kuzuiliwa katika kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu, akaficha huko shajara yake. Tazama basi mpangilio wa mambo: mtu wa mlimani akifungiwa baharini, mtu wa baharini akifungiwa bara, na serikali mbili zilizopokezana zikiwa na itikadi moja, kwamba mwandishi akiondolewa penye watu wa lugha yake atanyamaza. Sijui ni nani aliyewadanganya.

Koigi naye aliandika. Riwaya yake ya Kiingereza, A Woman Reborn, aliiandika kizuizini juu ya karatasi ya namna ile ile, na ilipotoka mwaka 1980 yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutoka. Maana Moi, alipoushika urais baada ya kifo cha Kenyatta, aliwaachilia wazuiliwa wote wa kisiasa tarehe 12 Desemba 1978, na nchi ikashangilia kwa furaha ambayo leo inasikitisha kuikumbuka. Naomba msomaji aishike riwaya hii akilini, kwa sababu nitairejea. Ni kitabu chake cha kwanza. Na kwa fahamu yangu, katika vitabu vyake mashuhuri ndicho pekee ambacho hakisimami kizimbani.

Mwaka 1979 alisimama tena Nakuru Kaskazini, na safari hii akamshinda Kihika Kimani. Akaingia Bunge akiwa mmoja wa kikundi kidogo cha wabunge vijana ambao Charles Njonjo, mmoja wa vigogo wa serikali ya Moi, kwa kejeli aliwaita dada saba wenye ndevu, na miongoni mwao walikuwamo James Orengo, na kutoka kwetu Pwani Mashengu wa Mwachofi na Chibule wa Tsuma. Kejeli ile ilikuwa na jicho kali kuliko mwenyewe alivyodhani; iliona kwamba katika Bunge lililojaa watu waliokuwa wamekwisha kupata, walikuwapo wachache waliouliza waliobaki wamepata nini. Kipindi hicho kilidumu miaka isiyotimia mitatu. Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali, wakashindwa, na katika msako uliofuata Koigi alizuiliwa tena hadi mwisho wa 1984. Mwaka 1986 akaihama nchi, akapata hifadhi Norway. Na akiwa huko, mwaka 1988, kikatoka kitabu chake cha kueleza kwa nini alizuiliwa, ambacho jina lake linasema kwamba dhamiri imeshitakiwa.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kugeuka. Oktoba 1990 alikamatwa: yeye akasema alitekwa Uganda akavushwa mpaka, serikali ikasema alipatikana Nairobi. Akashitakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, pamoja na mawakili Mirugi Kariuki wa Nakuru na Rumba Kinuthia. Balozi wa Norway alipojishughulisha na kesi hiyo, Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway, taifa lililokuwa likiipa misaada mingi. Yaani kwa ajili ya mtu mmoja wa Rugongo dola mbili zikaacha kuamkiana. Tangu siku hiyo jina la Koigi likawa kubwa kuliko maandishi yake, na haikutokea tena maandishi yakalifikia.

Na la mama yake likawa kubwa vile vile. Mwisho wa Februari 1992 Monica Wangu wa Wamwere, pamoja na akina mama wengine waliokuwa na wana wao jela kwa makosa ya kisiasa, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai wana hao wafunguliwe, kisha wakaketi Uhuru Park, Nairobi, wakafunga kula, wakisaidiwa na Wangari Maathai. Walikuwa wazee wa mashambani, wenye leso na vikapu, wengi wao hawakuwa wamesoma hata kimoja katika vitabu vya wana wao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Maathai akapigwa hadi akazirai. Na baadhi ya akina mama wale, walipokwisha kukosa silaha yoyote, wakavua nguo zao mbele ya askari wenye umri wa watoto wao, laana ambayo kila kijana aliyelelewa na mama wa Kiafrika anajua uzito wake. Wakahamia katika Kanisa la All Saints, wakakaa huko takriban mwaka mzima. Wengi wa wana wao wakafunguliwa. Koigi na wenzake wakaachiliwa Januari 1993, mashitaka ya uhaini yakiondolewa pasipo kusikilizwa. Ukiniuliza ni andiko gani la miaka hiyo lililosomwa na watu wengi zaidi, nitakwambia ni hilo la akina mama, ambalo halikuwa na herufi hata moja.

Alirudi Nakuru akakuta bonde linawaka. Mapigano ya kikabila yalikuwa yameanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, mpakani mwa Nandi, yakaenea Molo, Olenguruone na Burnt Forest kabla na baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Nyumba zilichomwa kwa orodha. Aliyekuwa na risiti ya kampuni na aliyekuwa na hatimiliki halali wote walikimbilia makanisani wakiwa na magodoro vichwani, na maskwota wa jana wakawa wakimbizi katika nchi yao. Septemba 1993 serikali ikazifanya Molo, Burnt Forest na Londiani kuwa maeneo ya usalama, asiruhusiwe kuingia mtu wa nje, hasa mwandishi. Koigi, aliyekuwa ameanzisha shirika la kutetea haki za binadamu, alikwenda kutazama, akakamatwa, akatolewa kwa dhamana. Na Novemba mwaka huo huo akakamatwa tena, safari hii akidaiwa kuwa miongoni mwa watu waliovamia kituo cha polisi cha Bahati usiku ili kuiba bunduki.

Inafaa kutua hapa na kuitazama hila ya mashitaka haya, kwani ndiyo iliyomgeuza Koigi kuwa kile alichokuwa. Uhaini ni kosa la kisiasa kwa jina lake tu; ukimshitaki mtu kwa uhaini, dunia nzima huja kusikiliza anachoamini. Wizi wa mabavu hauna itikadi. Katika sheria ya Kenya ya wakati ule ulikuwa na sifa tatu ambazo serikali yenye ghadhabu isingeweza kuzitamani zaidi: haukuwa na dhamana, adhabu yake ilikuwa kifo kama ya uhaini, na ulisikilizwa na hakimu badala ya jaji. Mshitakiwa wa uhaini anaulizwa unaitakia nini nchi hii. Mshitakiwa wa wizi anaulizwa ulikuwa wapi usiku ule. Kwa swali la pili vitabu vyote vya mtu havina faida, wala miaka yake ya kizuizi haina maana, na jibu la mwandishi halitofautiani kwa fasaha na jibu la mwizi wa kuku: mimi sikuwapo. Na kwa kweli hilo ndilo lililokuwa jibu la Koigi, kwamba alikuwa Nairobi.

Kesi ilianza Nakuru Aprili 1994, mbele ya Hakimu Mkuu William Tuiyot, ikaendelea kwa mwaka mmoja na nusu. Aliyewahi kuketi katika mahakama zetu za miaka hiyo anajua zilivyokwenda. Hapakuwa na mashine ya kunasa maneno. Shahidi alisema kwa lugha yake, Kikuyu au Kalenjin au Kiswahili cha mjini. Karani aliyesimama pembeni akafasiri kwa Kiingereza. Na hakimu, akiwa ameinama, akaandika kwa mkono wake kila neno aliloona linafaa kuandikwa, akiinua kiganja kila mara kumtaka shahidi asubiri kalamu imfikie. Wakili akikasirika alikasirika polepole. Uongo ulisemwa kwa imla. Kizimbani walisimama Koigi, ndugu yake Charles Kuria Wamwere, G. G. Njuguna Ngengi na mshitakiwa wa nne. Mabenchi ya nyuma yalijaa jamaa na watazamaji kutoka ng'ambo. Na katika chumba kile chote mtu aliyekuwa ameishi kwa kalamu ndiye aliyekatazwa kuandika kilichokuwa kikisemwa juu yake ili kihesabiwe kuwa ni kweli. Kumbukumbu ya maisha yake ilikuwa ikitungwa hapo hapo, jumla baada ya jumla, kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Tarehe 2 Oktoba 1995 hukumu ikatoka. Mshitakiwa wa nne aliachiliwa; watatu wakapatikana na hatia ya wizi usiokuwa wa kunyongewa, wakapewa miaka 4 na viboko 6 kila mmoja. Wengi walipumua, kama anavyopumua mtu aliyeibiwa ng'ombe akaachiwa ndama. Siku 39 baadaye, huko Nigeria, Ken Saro-Wiwa, mwandishi wa riwaya na michezo ya televisheni na mtetezi wa ardhi ya Waogoni, alinyongwa kwa shitaka la kuua, si la kuandika. Sina haja ya kuulazimisha mfano huu. Watu wawili hawa walikuwa na tabia mbalimbali na serikali zao zilikuwa na ukatili wa viwango mbalimbali. Nataka tu ionekane kwamba mwaka 1995, katika pande mbili za Afrika, watawala walikuwa wamekwisha kugundua kwamba kumshitaki mwandishi kwa maandishi yake ni kumtangaza, na kwamba njia ya salama ni kumtafutia kosa la jinai asilofanana nalo. Mwishoni mwa 1996 Koigi aliachiliwa kwa dhamana ili akatibiwe, akaenda Norway, akarudi, na mwaka 1997 akagombea urais akapata kura chache mno.

Sasa niseme ninaloliona mimi, nalo halitawapendeza wanaompenda. Kesi zile zilishinda. Hazikumshinda mtu, kwa sababu mwili wake na moyo wake vilistahimili yasiyostahimilika; zilimshinda mwandishi. Tazama majina ya vitabu vilivyofuata: cha 1988 kinasema dhamiri iko kizimbani, cha 1997, juu ya kesi ya Nakuru, kinasema haki iko kizimbani, na cha 2002, tawasifu yake, I Refuse to Die, ni tamko la mtu anayekana hukumu. Vyote ni vya Kiingereza, vyote vimeandikwa kana kwamba hakimu angali ameinama akiandika na huenda safari hii akaliandika neno kama lilivyosemwa. Ni ushahidi, na ushahidi mzuri, na mwanahistoria atakayeandika juu ya kizuizi bila mashitaka nchini Kenya bila ya kuvisoma atakuwa amefanya uvivu. Lakini shahidi hawezi kusema labda. Shahidi haruhusiwi kumwonea huruma aliyemtesa, wala kujicheka, wala kueleza mvua ilivyonyesha Dundori siku ambayo haina uhusiano na kesi. Na mambo hayo matatu ndiyo hasa maisha ya fasihi. Mtu aliyeulizwa kwa miaka 20 ulikuwa wapi usiku ule, hatimaye hujibu swali hilo hata pale asipoulizwa.

Wapo wanaosema kosa ni lake, kwamba angeshika kalamu akaacha siasa angekuwa leo na rafu nzima ya riwaya. Hoja hiyo naisikia hata kwa watu wenye akili, nami siikubali. Mtoto wa Bahati wa mwaka 1974 aliyeona risiti sandukuni mwa mama yake asingeweza kuandika juu ya maua ya pareto akaridhika. Na hata angeweza, ningemshuku. Ngũgĩ hakugombea ubunge, wala Abdilatif hakugombea, na wote wawili waliishi miaka mingi ugenini. Aliyechagua ni mtawala. Yeye ndiye aliyeamua kwamba katika Nakuru mwandishi na mgombea ni mtu mmoja, na kwamba wote wawili ni mwizi.

Mwaka 2002, muungano wa NARC uliposhinda, Koigi alichaguliwa mbunge wa Subukia, na baadaye akawa waziri msaidizi wa habari. Mwenzake wa kizimba cha uhaini, Mirugi Kariuki, akawa mbunge wa Nakuru mjini na waziri msaidizi pia, hadi alipofariki katika ajali ya ndege ya Marsabit, Aprili 2006. Mtu aliyezuiliwa na serikali mbili akaketi ndani ya serikali ya tatu. Na ilikuwa chini ya hiyo ya tatu ambapo, Machi 2006, askari waliofunika nyuso waliingia usiku katika mtambo wa The Standard, wakachoma magazeti. Silitaji jambo hili kumkebehi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba ofisi haikumpa mwandishi kile ambacho jela ilimnyima.

Kitabu kimoja cha miaka hiyo, hata hivyo, kilijaribu kutoka kizimbani. Mwaka 2003 kilichapishwa New York kitabu chake juu ya ukabila, Negative Ethnicity, ambamo anashikilia kwamba kabila si ugonjwa, ugonjwa ni kabila kugeuzwa silaha na wakubwa wanaogawana mali huku wadogo wakigawana makaburi. Na hapo mshitakiwa hakuwa Moi peke yake, bali walikuwamo wasomi, wachungaji, wanahabari, na Wakikuyu wenzake kama walivyokuwamo wengine. Ndicho kitabu kilichomfanya awe mtu wa utata kwa watu wake mwenyewe, maana katika Bonde la Ufa kila upande hupenda mwandishi anayehesabu maiti za upande mmoja. Desemba 2007 hakurudishwa bungeni. Siku chache baadaye Kiambaa, karibu na Eldoret, watu walichomwa kanisani, na katika siku za mwisho za Januari 2008 Nakuru na Naivasha nazo zikalipiza, panga kwa panga, hata walipohesabiwa waliokufa nchini katika wiki zile wakawa zaidi ya 1,100. Koigi akatoa mwaka huo huo kitabu kingine cha kuonya kwamba Kenya iko njiani kuelekea mauaji ya halaiki. Aliyekuwa ameonya miaka mitano kabla alikuwa na haki ya kukasirika, na kitabu hicho kina hasira. Lakini sikumbuki kusikia baraza lolote la amani katika mji huu, na mabaraza yalikuwa mengi, ambapo mtu alisimama na kusema tumsome kwanza yule wa Bahati.

Nilimuuliza juzi kijana mmoja anayeuza vitabu vikuukuu barabarani, mjini Nakuru, ambao tangu Desemba 2021 unaitwa jiji, kama vitabu vya Koigi humfikia. "Vya kesi?" akauliza. "Huja mara moja moja, mzee. Watu huvishika, wakatazama picha, wakanieleza mambo yake yote. Kununua hawanunui. Wanasema wanamjua." Juu ya riwaya alikuwa hajapata kusikia, na aliponiomba nimwandikie jina lake juu ya kipande cha gazeti niliona kwamba alidhani namfanyia mzaha. Alikijua kichwa chenye nywele za misokoto, sauti ya redioni, mama aliyefunga kula, kizimba na viboko; hakujua kwamba mtu huyo aliwahi kubuni mwanamke ambaye hakuwapo.

Akina mama wa Uhuru Park nao walikuja kuishitaki serikali, na kesi yao ikaendelea hadi ikafika Mahakama ya Upeo, iliyotoa hukumu yake mwaka 2023, miaka zaidi ya 30 baada ya virungu. Basi hata nyumba ya Wamwere imekuwa ikiandikwa na mahakama kwa umri wa mtu mzima, na yatosha. Lau ningepewa amri ya matbaa moja kwa mwaka mmoja tu, ningeviacha kwanza vitabu vya ushahidi, ambavyo vina wateja wao miongoni mwa wanasheria na wanafunzi wa historia, nikaichukua ile riwaya ya 1980, nikaitafutia mfasiri hodari wa Kiswahili, nikaiuza kwa bei ya kilo mbili za unga pale stendi ya matatu, na juu ya jalada lake nisingeweka picha ya mwandishi.